Kengele ya Bi Mwanamkasi

Saa tatu asubuhi Ramani iliniwekea watoto sita mezani, ikaniomba kidole gumba.

Ndiyo kazi yangu. Mashine inasoma, mimi naweka kidole. Sheria inataka binadamu awepo mahali fulani katika shughuli hii, na kwa Tanga nzima binadamu mwenyewe ni mimi, Mwantumu Semboja, Msomaji wa Mafundo Daraja la Kwanza, miaka sitini na miwili, goti moja bovu, miezi minne kabla ya kustaafu. Nilikuwa nimeshaanza kuondoa vitu vyangu kwenye droo kidogo kidogo.

Juu ya kioo cha meza ziliwaka nukta sita, zimeunganishwa kwa nyuzi za rangi ya chungwa. Kila nukta ni mtoto, kila uzi ni muda waliokaa pamoja. Habari hizo zinaletwa na bangili ambazo siku hizi kila mtu anavaa mkononi, watoto tangu wazaliwe: nani kasimama na nani, kwa dakika ngapi, nani kacheka nani alipoongea. Nyuzi zikizidi, watoto wakawa na maneno yao wasiyoyajua wengine, wakawa na sharti la kumpokea mgeni, na sharti lenyewe likawa kosa la jinai, Ramani husema limefungwa fundo. Kinachofuata ni kulifungua. Watoto hupelekwa miji tofauti, kwa jamaa au kwenye mabweni, na bangili zao hutiwa alama. Wenye alama moja wakikaribiana hatua hamsini, bangili zinapiga kelele mpaka waachane. Hiyo ni ya maisha. Mwajiri akikutazama mkono anaiona, na baba mkwe naye anaiona.

Elibariki Mbwambo, afisa wangu, aliingia na chai ya tangawizi. Ni kijana wa Kipare, mpole, anayepiga pasi mpaka soksi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Fundo gani hili?"

"Aina ya tatu. Barabara ya Kumi na Tisa. Wanaiba kengele za baiskeli." Akatabasamu. "Yaani limekaa kama la kitabuni."

Kitabu chenyewe ni changu. Alisema hivyo kunisifu, maskini, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesifiwa.

"Makosa mangapi?"

"Kengele sita, Mama. Maingilio kumi na moja."

"Kengele sita, halafu waingie nyumba za watu mara kumi na moja?"

"Ramani inasema walikuwa wanarudi eneo la tukio. Kesho yake, muda uleule. Imeandika kwamba ni tabia ya wazoefu."

"Nani kalalamika?"

Akatelezesha kidole kwenye kioo, akasoma tena, akakunja uso. "Hakuna. Imeandika kuwa wakazi wana hofu."

Nikamwaga chai. Si nyingi, lakini ilienda moja kwa moja juu ya nukta sita, na Mbwambo akakimbilia kitambaa. Nilimwacha afute. Mimi nilikuwa Barabara ya Kumi na Tisa, nina miaka kumi na minne, na spana namba kumi mfukoni.

*

Kijiwe chetu kilikuwa kwenye karavati la mtaro, mkabala na ghala la zamani la mkonge. Saruji ilikuwa imeliwa upande mmoja, hivyo aliyechelewa kufika alikaa kwenye ubavu uliobomoka na kuchomwa na nondo. Tulikuwa saba. Tulinunua mihogo ya kukaanga tukala kwa zamu, pilipili tukiilamba vidoleni. Askari tulimwita "mvua". Tukitaka kukutana tulisema kuna harusi, na mama yangu alishangaa mtaa huu kila siku harusi na pilau hatuioni. Mji wa siku hizo ulikuwa na kelele ambazo siku hizi sizisikii: wapiga debe, redio za madukani zikishindana, na juu ya yote kengele za baiskeli. Tanga ilikuwa mji wa baiskeli. Kengele zikianza asubuhi ungedhani shule zote zimefunguliwa siku moja.

Mkubwa wetu alikuwa Hoza, mtoto wa Kisambaa aliyekuja mjini kwa mjomba wake akaacha shule darasa la sita. Mrefu, mwembamba, kaptura ya kaka yake imefungwa kwa kamba. Sharti la kuingia kijiweni aliliweka yeye. Saa nane mchana, watu wakiwa wamejilaza kwa joto, unaingia uani kwa mtu na kufungua kengele ya baiskeli yake. Unatoka nayo. Wote tunaitazama, tunaipiga mara moja tu. Kisha una mpaka kesho yake saa nane kuirudisha palepale, imefungwa nati zake, imesafishwa kutu na kutiwa grisi, ilie vizuri kuliko ulivyoikuta. Mwenyewe asijue.

"Kuiba nani hawezi?" Hoza alikuwa akisema, akitema uzi wa mhogo. "Rudisha tukuone."

Maana kurudisha ndiko kulikuwa na kazi. Siku ya kwanza mbwa hakushuku na mwenye nyumba hana wasiwasi. Siku ya pili moyo unakupiga mpaka unasikia masikioni, mikono ina grisi, nati inateleza. Aliyerudisha alikuja karavatini akikimbia, na Hoza alimtazama kwa muda mrefu bila kucheka, halafu akasema neno moja: "Umo." Nimepata shahada tatu na nishani moja maishani. Hakuna hata kimoja nilichokitamani kama neno hilo.

Zamu yangu ilikuwa Jumanne. Nilikwenda kwa Bi Mwanamkasi, mkunga wa zahanati, aliyeishi nyumba ya nne kutoka kwetu. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, ya kike, na kengele ya shaba yenye picha ya jogoo. Ikilia usiku tulijua mtaa fulani kuna mtoto anazaliwa. Niliifungua kwa dakika mbili. Karavatini waliipiga mara moja, na Kibwana, aliyekuwa akinipenda kwa siri isiyokuwa siri, akasema haijawahi kuletwa kengele ya maana kama ile.

Jioni hiyohiyo mjomba alikuja kutoka Dodoma na barua ya nafasi ya shule ya bweni. Alfajiri nilikuwa ndani ya basi. Kengele ilikuwa chini ya begi, imefungwa kwenye kanga, na kila basi liliporuka tuta ililia kidogo. Likizo ya kwanza nilirudi nayo nikaona muda umepita. Likizo ya pili nikaona haya. Baada ya hapo nilijiambia nimekua mno kwa mambo hayo.

Chuoni nilikuta mambo ya karavati yetu yana wenyewe. Walikuwapo wataalamu wa zamani waliosema uhalifu hufundishwa kama mapishi, unajifunza kwa unaoshinda nao. Wengine walisema kijana anaonyeshwa kiatu dirishani halafu anafungiwa mlango wa duka, kwa hiyo yeye na wenzake wanajijengea duka lao, lenye heshima yake na sheria zake. Wengine walipima mitaa wakakuta wakazi wote wamehama, wamekuja wapya, na ukorofi uko palepale, umerithishwa na watoto kwa watoto. Nilisoma nikilia, nawaambieni kweli. Mtu aliyekufa zamani, wa nchi ya mbali, alikuwa anamweleza Hoza.

Kulikuwa na kundi la nne la wataalamu. Hao walisema mtoto si mwizi mpaka aitwe mwizi. Mwite mara nyingi, siku moja ataitika. Ramani ilipojengwa ilifundishwa makundi matatu ya kwanza. La nne liliachwa kwa kuwa, walisema, halipimiki. Mimi nadhani waliliacha kwa kuwa mwisho wa safari lingewataja wao.

Tasnifu yangu, ndiyo kile kitabu, ilihusu vijiwe vya Tanga. Ukurasa wa sitini na moja niliandika: ili apokelewe, kijana hutakiwa kuiba kengele ya baiskeli. Nikaishia hapo. Ningeandika habari ya kurudisha, msimamizi wangu angeniuliza kama mimi nilirudisha, na kengele ilikuwa kabatini kwangu, ndani ya kopo la biskuti. Ilikuwa ni haya tu. Sikuwa na nia mbaya hata chembe. Miaka mitatu baadaye watu wa Ramani walitafuta maelezo mafupi, yasiyo na maneno mengi, ya namna kijiwe kinavyompokea mgeni. Wakauchukua ukurasa wa sitini na moja kama ulivyo, wakauita Aina ya Tatu.

Mji wa kwanza kufunguliwa mafundo ulikuwa Tanga. Hoza wakati huo alikuwa fundi baiskeli, ana mke, na vijana wa mtaa wakikaa karavatini kwake jioni. Walimpeleka Mpanda. Kwa alama ile mkononi hakupata hata kibarua cha kubeba matofali. Mwaka wa tatu akavunja duka, kweli sasa, kwa nondo, na akafia gerezani kwa homa ya mapafu. Nilizipata habari hizo kwenye kioo cha meza, kwenye orodha ya wengine wengi. Ramani ilikuwa imeandika pembeni kwamba utabiri umethibitika.

*

Mkubwa wa wale sita alikuwa msichana. Mishi Omari, miaka kumi na minne, nywele zimesukwa mistari minne, magoti yana makovu. Alikamatwa jana yake saa tisa. Nilimkuta chumba cha watoto na mama yake, ambaye alisimama nilipoingia na hakujua aweke wapi mikono.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mama. Kaa, tafadhali. Na wewe, Mishi, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo, Bibi. Saa ngapi sasa?"

"Mishi!" mama yake akamkemea.

"Naulizia saa tu, mama."

"Saa nne na robo," nikamwambia. "Una haraka?"

"Nina mpaka saa nane." Akanitazama usoni, akapima kama nastahili kuambiwa, kisha akaamua liwalo na liwe. "Ile kengele ya Mwalimu Tendwa. Iko kwenye mfuko wenu wa plastiki pale nje. Sijaimaliza. Upande wa ndani bado ina kutu."

"Na ukishaimaliza?"

"Si naipeleka?" Alinitazama kama anayemtazama mtu mzima asiyejua kufunga kamba za viatu. "Wenzangu watano walishapeleka. Nenda kazipige mwenyewe usikie. Ya Mzee Hoseni ilikuwa haisikiki hata ukiwa jirani yake, sasa hivi mpaka anasumbua watu."

Kumbe ndiyo maana ya kumi na moja. Watano wameingia mara mbili, mmoja kaingia mara moja. Ramani iliona watoto wakiingia na kutoka. Haikuwa na pa kuandika kilichokuwa kimeshikwa mkononi wakati wa kuingia mara ya pili, maana hakuna aliyeifundisha kwamba kitu kama hicho kipo.

"Nani kakufundisheni sharti hili?"

Akafunga mdomo. Askari wangeweza kumning'iniza kwa miguu, asingesema. Nilijua, kwa sababu na mimi nisingesema.

"Unajua kitakachowapata?" nikamwuliza.

"Alama."

"Huogopi?"

"Naogopa." Akakwaruza kovu la goti. "Watanipeleka kwa baba mdogo Sumbawanga. Simjui. Lakini Bibi, hilo ni lenu, siwezi kulifanya lolote. Ile kengele ni yangu. Saa nane ikipita nitakuwa nimeiba kweli."

Mama yake alianza kulia kimyakimya, akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Mie nimemlea vizuri, Bi Mkubwa," akasema. "Wallahi nimemlea vizuri."

Nilitaka kumwambia kwamba naona. Badala yake nikafungua mlango, nikatoka.

*

Kidole kilikuwa kinangojewa mpaka saa kumi. Nilibonyeza Kataa. Ramani ikaniuliza sababu.

Niliandika kwamba kengele zimerudishwa. Ikajibu kuwa kengele kuonekana kwenye baiskeli kunaelezeka kwa wenyewe kununua mpya. Nikaandika kwamba hao ni watoto. Ikajibu kwa adabu kuwa wastani wa umri umezingatiwa. Nikaandika neno huruma, kwa hasira tu, na ikajibu kuwa hiyo haimo katika orodha ya sababu. Njia iliyobaki niliijua, kwa kuwa niliombwa ushauri wakati inaandikwa: mwenye maelezo anaweza kuyafuta maelezo yake. Mimi ndiye mwenye Aina ya Tatu. Nikiyafuta, kila fundo lililofungwa kwa maelezo hayo linasimama mpaka lichunguzwe upya, na sababu ya kufuta inatangazwa kwa jina langu kwa kila aliyewahi kutiwa alama, na kwa wazazi wake, na kwa watoto wake.

Mbwambo alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikujua ni kwa muda gani.

"Mama, usifanye hivyo."

"Nilidanganya, Elibariki. Ule ukurasa ni nusu. Nusu nyingine niliificha."

Nikamweleza yote, mpaka kopo la biskuti. Alisikiliza akitazama viatu vyake. Nilipomaliza alivuta kiti, akakaa bila kuomba ruhusa, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Unajua kaka yangu alikufaje?"

"Segera. Uliniambia."

"Sikukwambia yote. Alikuwa anatoka kazini, hana habari na mtu. Wakamkata panga kwa sababu kulikuwa na kijana anataka kuingia kundini, na sharti lao lilikuwa kumwaga damu ya mpita njia. Hilo nalo ni Aina ya Tatu, Mama. Kama Ramani ingekuwa imeshafika Segera mwaka ule, wangekuwa wameshatawanywa, na kaka yangu angekuwa na watoto sasa." Akagonga kioo kwa kidole. "Mafundo mia nne na kumi yako mezani nchi nzima. Ukifuta, yote yanasimama. Siyo yote ya kengele."

"Ya mapanga ni mangapi?"

"Labda matano. Labda moja. Kwetu lilitosha moja."

"Wanaokata watu wana majeruhi, wana mashahidi. Polisi wapo."

"Polisi huja baadaye."

"Ndiyo," nikasema. "Huja baadaye."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimpa jibu zuri, la msomi. Sikuwa nalo. Bado sina. Nilichokuwa nacho ni Hoza akibeba alama Mpanda, na msichana wa miaka kumi na minne anayeulizia saa. Niliona kwamba nikisubiri jibu litakalotosha pande zote mbili nitastaafu nikiwa bado nalisubiri, na kidole changu kitakuwa kimeshafanya kazi yake.

"Utanisaidia kuyasoma?" nikamwuliza. "Yote mia nne na kumi. Moja moja, kwa macho yetu. Tuanze na yale yenye damu, leo hii hii. Mpaka watakaponifukuza."

Alijifuta uso kwa kiganja, akavuta kioo upande wake, akaanza kuyapanga mafundo kwa makosa ya mwili. Alikuwa amenikasirikia na nadhani mpaka leo amenikasirikia. Lakini aliyapanga.

Niliandika sababu: sharti ni kuiba na kurudisha, mwandishi alijua, mwandishi alinyamaza kwa sababu yeye mwenyewe hakurudisha. Nikaweka kidole gumba. Zile nyuzi za rangi ya chungwa zikageuka kijivu. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.

*

Kabla ya kutoka ofisini nilitia saini Mishi atoke, pamoja na ule mfuko wa plastiki wenye kengele. Kisha nikapita nyumbani, nikashusha kopo la biskuti kabatini.

Saa saba na nusu Mishi aliingia uani kwa Mwalimu Tendwa. Mimi na mama yake tulijibanza uchochoroni kama wehu wawili, mikono vifuani. Alikuwa amesugua ile kutu ya ndani kwa mchanga na kipande cha mfuko wa simenti. Mwalimu alikuwa amelala kwenye kiti cha kamba, kitabu tumboni. Tulisikia spana ikigonga mara moja. Tukasikia mzee akikohoa. Halafu Mishi akatokea kwa juu ya ukuta, akaruka, na magoti yake yakapata kovu jingine. Mama yake alimpiga kofi la mgongoni na kumkumbatia kwa mkono huohuo.

"Mama, nimewahi," Mishi akasema.

Kisha akaliona kopo langu. "Bibi, hiyo nini?"

Nikamfungulia. Aliitoa kengele kwa vidole viwili, akaigeuza, akamwona jogoo. Hakuuliza ya nani. "Twende kwa Babu Kibwana," akasema. Mama yake akatuacha, akarudi nyumbani.

Kibwana. Yeye Ramani ilimkosa, maana mwezi ule wa kwanza wa kutawanya watu alikuwa Muheza kwa wakwe zake. Karakana yake ya baiskeli iko hatua kumi kutoka karavatini. Nimeishi Raskazone, hapahapa mjini, miaka ishirini na saba na sijapita mtaa ule, nikizunguka kwa visingizio. Alikuwa amekaa kwenye gogo, mvi tupu, anaziba pancha. Wale watoto watano wengine walikuwa wameshatolewa na walikuwa pale, wamejipanga ukutani. Kibwana aliniona na hakunikaribisha kiti.

"Msomaji," akasema.

"Kibwana."

"Umekuja kunisoma?"

"Nimekuja kurudisha." Nikamnyooshea kengele.

Aliacha mpira wa baiskeli ukaanguka ndani ya karai la maji. Hakuigusa kengele. Aliinuka kwa taabu, akaenda mpaka ndani kabisa ya karakana, akaondoa turubai. Ilikuwa baiskeli nyeusi, ya kike, imepakwa mafuta, matairi yamejazwa upepo. Kwenye usukani, upande wa kulia, palikuwa na sehemu ndogo iliyong'aa, isiyo na kitu.

"Bi Mwanamkasi alinirithisha mimi," Kibwana akasema. "Amefariki huu mwaka wa kumi na moja. Aliendesha hivyohivyo bila kengele mpaka miguu ilipokataa. Akitaka kupita watu alikuwa anapiga kelele kwa mdomo, ngriiing, ngriiing, na watoto wanamwigiza. Mimi nilimletea kengele mpya mara tatu. Nzuri, za nikeli. Zote akakataa. Akasema, Kibwana mwanangu, niachie nafasi hiyo. Yule mtoto kakawia tu."

Niliweka kidole kwenye ile nafasi tupu. "Alijua habari ya sharti?"

"Mtaa mzima ulijua. Sisi ndio tulidhani hawajui. Mama yangu alikuwa akiona kengele yetu haipo, anasema afadhali, ilikuwa imeshaanza kukwama."

"Na mimi? Alijua ni mimi?"

"Alikuona kutoka dirishani, Mwantumu. Siku ileile."

Miaka mingapi nilikuja likizo nikampita barabarani, nikainamisha kichwa, na yeye akaniitikia shikamoo yangu na kuniuliza masomo yanaendaje? Hakuniita mwizi hata mara moja, si mbele yangu wala kwa jirani. Nikalia hapo, mbele ya watoto, kwa sauti, nimejishika kifua. Hakuna aliyenibembeleza. Kibwana alinisubiri nimalize, kisha akanisukumia kopo la grisi kwa mguu.

Vidole vyangu vimekuwa vizito. Nati iliteleza mara mbili, na mara ya pili Mishi alichuchumaa akaitafuta mchangani bila kusema neno, akanipa. Nilisugua kutu, nikapaka grisi, nikakaza. Mishi akaja kukagua. Alitikisa kengele kuona kama inalegea, akapitisha kidole chini yake, akakinusa. Halafu akaipiga mara moja.

Ililia ndefu, na mwanamke mmoja ng'ambo ya barabara alitoa kichwa mlangoni, mtu mzima wa rika langu, akatazama huku na huku.

Bangili yangu ikatetemeka. Ramani ilikuwa imeniona: mimi, watoto sita na fundi mmoja, dakika ishirini na nne, kicheko hakuna, kilio kipo. Ilisema fundo lipo chini ya uchunguzi, na ikauliza kama nathibitisha uhusiano wangu na watu hawa. Nikabonyeza ndiyo.

Mishi alikuwa bado ananitazama, hacheki.

"Sharti ni siku moja, Bibi."

"Najua."

"Wewe umechukua ngapi?"

"Miaka arobaini na minane."

Akawageukia wenzake pale ukutani. Waliulizana kwa macho, kwa muda mrefu, na moyo ulinipiga mpaka nikausikia masikioni. Kibwana alikuwa ameinama kwenye karai lake, anautafuta ule mpira majini, na hakuinua uso.

"Haya," Mishi akasema. "Umo."